WordPress, Joomla au Drupal: nani atakayeilea tovuti ya shirika?

Mwishoni mwa 2024 niliitwa na shirika moja mkoani Morogoro linalofanya kazi na vikundi vya wakulima. Tovuti yao ilijengwa kwa Drupal 7, toleo la mmoja wa mifumo ya kujengea na kuendeshea tovuti, enzi za mradi uliokuwa na fedha za kutosha. Waundaji wa Drupal walikuwa wametangaza kuwa toleo hilo litaacha kupata masasisho ya usalama tarehe 5 Januari 2025. Kijana aliyeijenga alikwishahama mji, mradi ulikwishafungwa, na ofisini alibaki afisa mawasiliano mmoja. Huyo huyo ndiye mpiga picha wa mafunzo, mwandishi wa ripoti za robo mwaka na mjibu barua pepe za wafadhili. Mkurugenzi akaniuliza: "Sasa tuhamie mfumo gani?"

Swali hilo naulizwa sana, na kwa kawaida linajibiwa kwa macho ya mjenzi: mfumo upi una nguvu, upi unapendeza, upi umezoeleka. Mimi nimejifunza kulijibu kwa macho ya mlezi. Mjenzi anakaa na tovuti wiki chache kisha analipwa na kuondoka. Anayebaki nayo ni mtu wa ofisini, pengine asiyejua hata maana ya seva (kompyuta inayoihifadhi tovuti mtandaoni), na atatakiwa kuiweka hai kwa miaka. Kwa hiyo mifumo yote hapa chini nimeipima kwa kazi moja ambayo kila shirika huifanya, nayo ni kutangaza nafasi ya kazi.

Tuseme shirika linatafuta dereva. Tangazo liwe kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza pia kwa sababu mfadhili anataka kuliona. Liwe na faili ya majukumu ya kupakua. Liwe na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikipita, tangazo liondoke lenyewe. Hilo la mwisho watu hulidharau. Mimi nimemwona kijana akishuka kwenye basi na bahasha ya vyeti mkononi kwa nafasi iliyojazwa miezi mitatu nyuma, kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kulitoa tangazo kwenye ukurasa wa mbele. Nauli ile hakuna aliyemrudishia.

WordPress

Ilianza mwaka 2003, pale Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza walipoichukua programu iliyokuwa imeachwa na mwenyewe, ikiitwa b2, na kuiendeleza. Leo zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zinaendeshwa nayo. Kwa shirika dogo, takwimu hiyo ina maana moja ya vitendo: fundi wako akiondoka, mwingine utampata mji huo huo, na afisa mawasiliano mpya huenda tayari anaijua.

Tangazo la dereva linaandikwa kirahisi. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018 ukurasa unapangwa kwa vipande: kichwa cha habari, aya, picha, faili, kimoja juu ya kingine. Mtu aliyezoea kuandika barua kwenye kompyuta anaelewa ndani ya nusu saa. Ipo pia programu ya simu, kwa hiyo picha za mafunzo ya kijijini zinaweza kupanda tovutini kabla gari halijarudi ofisini.

Kisha yanakuja mambo mawili ambayo wauzaji huwa hawayataji. WordPress yenyewe, bila nyongeza, haina lugha mbili. Unahitaji plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza: Polylang ina toleo la bure, WPML ni ya kulipia. Na ingawa inajua kuchapisha tangazo kwa tarehe ijayo, haijui kuliondoa tarehe ikipita. Hilo nalo linataka plagini. Tangazo moja la dereva limekwisha kula plagini mbili. Ongeza ya fomu ya maombi, ya bekapu, ya ulinzi, ya kukusanya takwimu za wageni, na bila kutambua mna plagini ishirini na tano.

Hapa ndipo penye hatari ya WordPress, na nasisitiza kwa sababu nimesafisha tovuti nyingi zilizodukuliwa. Mara nyingi mlango alioingilia mdukuzi haukuwa WordPress yenyewe, ulikuwa plagini au thimu, yaani kifurushi cha sura ya tovuti. Kila plagini ni mgeni mliyemkabidhi ufunguo wa nyumba. Akiacha kuiendeleza kazi yake, ufunguo unabaki umening'inia dirishani. Masasisho madogo ya mfumo wenyewe hujiweka yenyewe tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, na tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020 unaweza kuruhusu plagini na thimu nazo zijisasishe. Ruhusuni. Ni kweli kuna siku sasisho litavuruga mpangilio wa ukurasa, lakini ukurasa uliovurugika hurekebishwa kwa mchana mmoja. Tovuti iliyodukuliwa na kuanza kutangaza kamari kwa jina la shirika la watoto huacha doa hata baada ya kusafishwa.

Kuna thimu za kulipia ambazo watu huzivunja na kuzigawa bure. Msizipokee, hata fundi akiwaapia kuwa ni salama. Aliyeivunja amepata nafasi ya kuweka chochote humo ndani, na mara nyingi huweka.

Jambo jingine linalochanganya wengi ni kuwa majina ni mawili. Programu ya bure unayoweka kwenye seva yako mwenyewe inapatikana WordPress.org. WordPress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic, inayokupangishia kila kitu kwa ada, na uhuru wako unategemea kifurushi ulicholipia. Mkipewa makadirio ya bei, ulizeni ni ipi kati ya hizo.

Sifa moja ya mwisho, ambayo naithamini kwa ajili ya wasomaji wetu: tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, picha kubwa mno inapopakiwa, WordPress huipunguza hadi pikseli 2560 na kutengeneza nakala za ukubwa mbalimbali, simu ikapewa ile ndogo. Mkulima anayefungua tovuti kwa bando la siku hapaswi kulipia picha ya megabaiti tano ya mgeni rasmi akikata utepe.

Joomla

Jina lenyewe ni letu. Mwaka 2005 wajenzi wa mfumo ulioitwa Mambo walitofautiana na kampuni iliyokuwa ikiumiliki, wakatoka na kuanzisha wao wenyewe. Walipotafuta jina walichukua neno la Kiswahili "jumla", kwa maana ya wote kwa pamoja, wakaliandika kwa tahajia ya kuwasaidia Waingereza kulitamka. Nawaambia wanafunzi wangu kila mara, na kila mara wanatabasamu.

Kwa tangazo la dereva, Joomla inaipita WordPress waziwazi. Lugha mbili zimo ndani tayari, na tangazo la Kiswahili linaunganishwa na lile la Kiingereza bila plagini yoyote. Kwenye kila makala kuna kisanduku cha tarehe ya kuanza kuonekana na kingine cha tarehe ya kuacha kuonekana. Unajaza, unaondoka, na siku ikifika tangazo linatoweka. Kijana wa kwenye basi angebaki na nauli yake.

Mgawanyo wa ruhusa nao ni mzuri. Mnaweza kuunda kundi la "Ofisi ya Dodoma" ambalo linahariri habari za Dodoma pekee, na kundi la wanachama wanaoona nyaraka ambazo umma hauzioni. Kwa chama chenye matawi, hili ni jambo la maana sana.

Basi kwa nini siipendekezi mara nyingi zaidi? Kwanza, inamchosha anayejifunza. Katika Joomla, kuandika makala hakutoshi. Ukurasa huonekana kupitia kipengele cha menyu, na kipengele hicho ndicho kinachoamua uonekane vipi. Afisa mawasiliano huandika tangazo, hulihifadhi, hufungua tovuti, halionekani popote. Anadhani ameharibu kitu. Nimepigiwa simu nyingi za namna hiyo kuliko za aina nyingine yoyote. Pili, mafundi wake wamepungua. Joomla 3 ilipofikia mwisho wa maisha yake Agosti 2023, kuvuka kwenda la 4 kulitaka mara nyingi kiolezo kipya na viongezo vipya. Tovuti nyingi nilizokutana nazo zimebaki kwenye toleo la 3 hadi leo, kwa sababu aliyezijenga hapatikani.

Kama mna mtu anayeijua Joomla na anaendelea kuwa nanyi, msikubali kuambiwa imepitwa na wakati. Matoleo mapya yanaendelea kutoka, la 5 lilitoka Oktoba 2023, na kwa tovuti ya lugha mbili bado naiona ni mfumo nadhifu zaidi katika yale yanayokuja bila nyongeza.

Drupal

Dries Buytaert aliitoa hadharani mwaka 2001, akiwa mwanafunzi huko Antwerp, Ubelgiji. Tofauti yake na mingine iko kwenye namna inavyoyatazama maudhui. WordPress inaona "chapisho". Drupal inakuuliza kwanza: tangazo la kazi ni kitu gani? Mjenzi anaunda aina ya maudhui yenye sehemu zake: cheo, kituo cha kazi, mshahara, tarehe ya mwisho, faili. Kisha anapanga orodha inayoonyesha tu nafasi ambazo tarehe yake haijapita. Orodha ile ile inaweza kuchujwa kwa mkoa. Kwa afisa mawasiliano, kinachobaki ni kujaza fomu.

Lugha nyingi zimo ndani tangu toleo la 8 la Novemba 2015, na utaratibu wa rasimu kupitiwa na mkubwa kabla ya kuchapishwa nao unakuja na mfumo. Ndiyo maana taasisi nzito huitumia: Tume ya Ulaya inaendesha tovuti zake kwa Drupal, na serikali ya Australia ina jukwaa lake la pamoja, GovCMS, lililojengwa juu yake. Ikulu ya Marekani nayo ilihamia Drupal mwaka 2009, kisha mwaka 2017 ikahamia WordPress. Naitaja kwa wale wanaodhani WordPress ni ya tovuti ndogo tu.

Gharama ya Drupal iko kwenye ulezi. Masasisho hufanywa kwa kawaida kwa chombo kinachoitwa Composer, kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Drupal 11, ya Agosti 2024, inadai toleo la 8.3 la PHP, lugha ya programu inayoiendesha, na seva nyingi za bei nafuu za kushirikiana huwa nyuma. Na kutoka Drupal 7 kwenda matoleo ya sasa ni kujenga upya na kuhamisha mizigo, ndicho kilichowakuta wale wa Morogoro.

Kisha kuna usiku wa tarehe 15 Oktoba 2014. Saa moja jioni kwa saa zetu, kikosi cha usalama cha Drupal kilitangaza tundu kubwa katika toleo la 7. Baadaye walisema wazi: kila tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya saa saba ichukuliwe kuwa imekwisha kuingiliwa. Saa saba hizo ziliishia saa nane usiku Afrika Mashariki. Jiulizeni, katika shirika lenu, nani angekuwa macho? Ukweli wao niliuheshimu. Ila tangu siku hiyo sijampa Drupal mtu asiye na fundi wa kumpigia usiku.

Januari 2025 walitoa kifurushi kipya, Drupal CMS, kilichokusudiwa kumrahisishia mtu asiye fundi hatua za mwanzo, na kwa kweli kuanza kumekuwa rahisi. Ulezi wa miaka haujabadilika kiasi hicho.

Nimewahi kuipendekeza bila kusita mara moja: mtandao wa asasi zenye wanachama katika wilaya nyingi, kila asasi na ukurasa wake, maktaba ya nyaraka mamia, na ofisa wa TEHAMA aliyeajiriwa kwa mkataba wa kudumu. Walikuwa na mlezi. Inawahudumia vizuri.

Kwa anayetaka kuiona mifumo hii mitatu bega kwa bega:

| | WordPress | Joomla | Drupal |
|---|---|---|---|
| Lugha mbili | Plagini | Imo ndani | Imo ndani |
| Tangazo kuondoka tarehe ikipita | Plagini | Kisanduku kimo ndani | Hupangwa mara moja na mjenzi |
| Ruhusa za watumiaji | Ngazi tano za kawaida | Makundi mnayojipangia | Hadi kwa kila aina ya maudhui |
| Kusasisha | Hujisasisha au bonyezo moja | Bonyezo, ila toleo kubwa ni kazi | Amri za Composer |
| Kumpata fundi mikoani | Rahisi | Vigumu | Vigumu zaidi |

Njia nyingine, kwa ufupi

Wix na wenzake, huduma za kujijengea tovuti mtandaoni kwa malipo ya mwezi, huondoa mzigo wa masasisho, na kwa kikundi kisicho na fundi kabisa hilo lina thamani. Lakini tovuti ya Wix haihamishiki kwenda seva nyingine. Mkitaka kuondoka mnanakili maandishi kwa mkono. Malipo nayo hutegemea kadi, na kadi ya shirika ikiisha muda katikati ya likizo, tovuti iko hatarini. Google Sites ni ya bure na inatosha kwa kikundi kinachohitaji kurasa tano: sisi ni nani, tunafanya nini, tupigieni hapa.

Hugo, kwa upande mwingine, ni programu ya bure ambayo hutengeneza kurasa zilizokamilika ambazo hazina hifadhidata nyuma yake, hivyo mdukuzi hana pa kushika na ukurasa unafunguka haraka hata kwa mtandao dhaifu. Ina hata tarehe ya kuisha kwa tangazo, ila tovuti lazima itengenezwe upya ndipo tangazo liondoke. Naipenda kwa ajili ya fundi. Kwa afisa mawasiliano wa kawaida ni mateso.

Kabla ya mfumo, mwenye nyumba

WordPress, Joomla na Drupal zote ni programu huria, hamlipi leseni. Mnacholipa ni kikoa (jina la tovuti yenu mtandaoni), kodi ya seva na mtu. Fundi akiwaandikia "leseni ya WordPress" kwenye ankara, mwambieni aeleze. Cheti cha usalama, kile kinacholinda mawasiliano kati ya msomaji na tovuti, pia: tangu Desemba 2015 taasisi ya Let's Encrypt inavitoa vyeti hivyo bure kwa yeyote. Ni vya siku 90, lakini seva nzuri huvihuisha yenyewe. Kama kampuni ya seva inawauzia cheti cha kawaida kila mwaka, ulizeni kwa nini.

Kubwa kuliko yote ni kikoa. Shirika moja lilinijia likiwa limepoteza jina lililokuwa limechapishwa kwenye fulana, mabango na kadi za wanachama kwa miaka mingi. Jina liliandikishwa kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyewajengea tovuti kwa kujitolea. Hakuwa na nia mbaya. Alipata kazi kwingine, notisi za kulipia zikaenda kwenye anwani aliyoacha kuifungua, jina likaisha muda na kuchukuliwa na mtu mwingine. Hakuna mfumo wa kusimamia maudhui unaoweza kutibu hilo. Jina la .or.tz au .or.ke liandikishwe kwa jina la shirika, kwa barua pepe ya ofisi, na mtu zaidi ya mmoja ajue nywila.

Na mkipokea maombi ya kazi kwa fomu ya tovuti, mkumbuke kuwa vyeti, namba za simu na vitambulisho vya watu vinakaa kwenye hifadhidata yenu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Ya Tanzania ni ya 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Plagini nyingi za fomu huhifadhi kila kilichotumwa hadi mtu akifute. Wekeni siku ya kufuta.

Morogoro walichagua nini

Sikuwaambia wachukue nini. Niliweka mifumo mitatu kwenye kompyuta moja, nikampa dada wa mawasiliano tangazo la dereva na asubuhi nzima, nami nikakaa pembeni bila kumwelekeza.

Kwenye WordPress alimaliza haraka, akaniuliza tu Kiingereza kinawekwa wapi. Kwenye Joomla aliandika vizuri, akajaza tarehe ya mwisho bila kuambiwa, kisha akahangaika karibu saa nzima akilitafuta tangazo lake. Kilichonishangaza ni Drupal: nilikuwa nimeshaunda aina ya maudhui, yeye akajaza fomu tu, na alimaliza kabla ya yote. Akasema huu ndio anautaka. Mkurugenzi akauliza: "Na masasisho atafanya nani?" Nikamwonyesha skrini nyeusi. Dada mwenyewe akatikisa kichwa.

Wakachukua WordPress, kwa sharti nililoliomba mimi: plagini zisizidi nane, zimeorodheshwa kwenye karatasi, kila moja na sababu yake, na ya tisa isiingie mpaka mojawapo itoke. Ya lugha imo, na ya kuondoa matangazo imo. Bekapu inakwenda kila wiki mahali tofauti na seva, na tulijaribu kuirudisha mara moja ili tuwe na hakika inarudi. Kikoa kimehamishiwa jina la shirika, na tarehe ya kukilipia imeandikwa kwenye kalenda ya mhasibu, chini ya tarehe ya kodi ya ofisi. Nywila ziko kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa na watu wawili, ndani ya kabati la chuma la mhasibu, pamoja na kitabu cha hundi.